Msomaji Namba 217

Ijumaa, 21 Novemba
Mtihani kwisha! Nimekabidhi karatasi ya mwisho saa sita, na kemia sitaki kuiona tena mpaka naingia kaburini. Nimepitia maktaba ya karibu na soko, ile aliyokuwa akinipeleka Mama. Nimeazima riwaya nene, jalada limebanduka. Hakuna atakayeniuliza maswali mwisho wa sura. Raha!

Jumamosi, 22 Novemba
Asubuhi nzima nimesoma kitandani. Baba — fundi makochi, gundi haimtoki vidoleni — kanichungulia. Nikasubiri wimbo wake: hadithi hazijazi tumbo. Badala yake kauliza kitabu hicho nimekitoa wapi. Nikamwambia. Akasimama kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha huyoo karakanani. Hata chai hakugusa.
Kitabu kichafu. Alama ya kidole chini ya kila mstari, mpaka ukurasa wa 88. Kuanzia hapo, kweupe.

Jumapili, 23 Novemba
Nimemaliza. Ukurasa wa 90 mke anakufa, ghafla tu, na mume yuko sokoni. Nimelia kama mjinga.
Halafu nikatazama kadi ya waazimaji, nyuma. 217. 217. 217. Mwaka huu wote, hadi mwezi uliopita.
217 ni Mama. Namba hiyo nilikuwa naitaja mwenyewe kaunta, nikirudisha vitabu vyake. Na Mama ana miaka miwili kaburini.

Jumatatu, 24 Novemba
Mimi sikumwona akizikwa. Nilikuwa bwenini, wakaniita siku tatu baadaye, wakanionyesha udongo. Udongo hauna sura.
Naona aibu kuandika, lakini naandika: labda hakufa. Labda alituacha tu. Ningemsamehe leo hii hii.
Ila Mama kitabu chochote alikimaliza kwa siku mbili. Huyu kakikalia hiki mwaka mzima.

Jumanne, 25 Novemba
Nimekirudisha. Mkutubi ni mgeni, hakumjua Mama. Nikamwuliza 217 ni nani. Kasema siri ya msomaji ni kama siri ya mgonjwa — lakini ni mtu mstaarabu, kila akija kuongeza muda anaomba radhi. Ni mwanamke? Akacheka tu, eti mimi nimezidi udadisi. Nusura nimpigie magoti.

Alhamisi, 27 Novemba
Kitabu hakipo rafuni! Daftari la waazimaji liko wazi kaunta: 217, tarehe ya jana. Jana! Mimi niko nyumbani nafua soksi, naye yuko mtaa wa pili!
Nimezunguka soko zima nikitazama wanawake usoni. Mmoja alikuwa na shingo yake kabisa. Nikamshika mkono. Akageuka — siye. Akaniuliza, mwanangu, umepotelewa na nani? Nikakimbia.

Jumapili, 30 Novemba
Saa tisa alasiri. Naandikia nje ya karakana, nimekalia fremu ya kochi, sahani ya Baba magotini. Nilimletea chakula. Mlango uko nusu wazi. Nikasikia sauti.
Baba anasoma. Silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, kidole chini ya mstari. Mbele yake kile kiti cha Mama ambacho kila mteja anakitaka na yeye hakiuzi. "Haya bibie," kakiambia, "leo zamu yangu tena. Usinicheke."
Zamu yake. Kumbe Mama ndiye aliyekuwa akimsomea! Na mimi, ripoti zangu zote za shule: "Nisomee mwanangu, miwani sijui nimeiweka wapi." Baba hajawahi kuwa na miwani! Miaka yote hiyo, mimi msomi wa nyumba, sikuona.
Basi Mama hayupo. Hayupo kweli. Leo ndiyo nimefiwa.
Chakula kimepoa. Naye anaendelea, na maneno yale nayajua. Mume anachagua vitunguu sokoni. Ukurasa wa 90! Hajui kinachokuja. Mistari sita.
Nikiingia, atajua kwamba najua. Nisipoingia, atafika pale peke yake, na kiti kile.
Mistari minne. Anacheka kidogo, mume kapunjwa vitunguu.
Miwili. Amekwama. Anarudia silabi, anarudia. "Bibie," anauliza, "neno gani hili?"
Anauliza tena. Nalijua neno lenyewe. Nimeweka sahani chini, mkono uko mlangoni na