Mimi Si Kikombe

Mpendwa Shangazi,

Wacha nikuulize moja kwa moja, maana ulichukia watu wa kuzungukazunguka: ni wewe unayekuja hapa mchana?

Mkongojo wako uko nyuma ya mlango wa jikoni, vile uliuacha kabla tukuzike Kisaju. Siugusi. Lakini upepo wa Kitengela ukianza kutimua vumbi baada ya chakula, nasikia kwenye kokoto za nje: hatua, kisha gongo la mkongojo. Nikichungulia, ni geti tu. Jana yule yeiyo, mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa, alinisalimia, "Takwenya," nikaitika, "Iko." Halafu akaangalia nyuma ya bega langu, akasema tena, "Takwenya." Na nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Unakumbuka sokoni Kisaju, nikiwa msichana, nimekubebea kikapu cha nyanya? Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Pisheni kile kiwete kipite!" Ulisimama katikati ya njia, pikipiki zikipiga honi, ukakataa kusonga.

"Kikombe kinapita. Kiti kinapita," ulimwambia. "Mimi si kikombe. Mimi ni mtu, na mtu anapita. Ukitaka kutaja mguu wangu, sema natembea kwa mkongojo."

Mpaka akasema pole. Nilikuonea fahari hadi nikalia.

Hukungoja kumwona Neema wangu. Amezaliwa na mguu wa kushoto mfupi, kama wako kabisa. Majuzi Mama Brayo, jirani yetu, alimwona akicheza uani akacheka, "Woi, na hiki kiwete kitaenda shule kweli?" Nilimjibu hujafa hujaumbika. (Wewe ulishakufa, Shangazi, na sijui umeumbika vipi sasa.) Lakini mtoto alikuwa amesikia. Akakataa kutoka nje, hata nikimwita kwa mandazi. Iliniuma, aki.

Leo upepo ulipoanza, nikasikia hatua, kisha gongo, karibu kuliko siku zote. Nikatoka mbio. Neema alikuwa getini, amesimama wima mbele ya Mama Brayo.

"Mimi si kikombe," alikuwa akimwambia. "Mimi ni mtu."

Mama Brayo alisema pole, akaingia kwake haraka.

"Nani amekufundisha hivyo?" nilimuuliza mtoto.

"Yule anatembea kama mimi."

Sijawahi kumsimulia ya Kisaju. Hata picha yako hajaona. Nilimkumbatia, nikiwa na furaha na baridi mwilini kwa pamoja, halafu akaninong'oneza, "Mum, tumepatana kesho ananipeleka kwake."

Asante kwa maneno, Shangazi. Yamemwinua mtoto wangu. Mfundishe mengine yote, lakini mfundishie hapa getini, nikiwaona. Kwako asije. Nakuomba kama mtu anavyomwomba mtu.

Ni mimi, binti ya kaka yako, mama ya Neema.