Jina la Kambale kati ya basafiri

Siku ya pili, 10 juin. Butembo

Nguo za komunio, bado mikono tu. Courant ya umeme hakuna, nashona na mashini ya miguu. Radio inasema Petit Tonnerre atakuya kuimba hapa siku ya yenga kisha misa, saa nane ya muchana, juu couvre-feu inakataza kutoka usiku. Petit, eti kadogo! Mutu wa miaka makumi tatu, na tumbo. Kule Beni, wakati alikuwa katoto na rap yake inapigwa kila nyumba, mudogo wangu Kambale njo alichezaka nyuma yake. Kambale Ressort, batu balimuita vile juu aliruka kama springi. Balikula kwetu, sahani moja.

Siku ya ine, 12 juin

Mama amepiga simu kutoka Beni. Mwaka wa pili huu tangu batu ba bunduki balimubeba Kambale kwenye shamba letu la Kalunguta. Mpaka leo mwili hatuyaona. Matanga hatuyafanya. Kila yenga Mama anapeleka jina yake kwa katekista, na inasomwa kwenye misa kati ya basafiri. Basafiri. Mimi nauma meno.

Sasa anataka Petit Tonnerre aite jina ya Kambale kwa mikro, juu radio itarusha concert. Eti kule pori pengine bako na radio. Mutoto atasikia, atajua tunamungoja. Nimeitika ndiyo, Mama. Kisha nimechoma kola ya mutoto wa batu na pasi, juu ya hasira.

Siku ya posho, 14 juin

Nilienda kwenye salle ya concert, Petit Tonnerre na wanamuziki bake banafanya répétition ya kesho. Alinijua mara moja. "Yaya Masika!" Akanikumbatia kama dada yake mukubwa. Ananuka pombe muchana mweupe. Nikamuambia shida ya Mama.

Akauliza, "Mais yaya, muzima ao marehemu?"

Desturi yake ni ile: bazima anabaita juu ya muziki, batu banapiga kelele. Ba marehemu, muziki inasimama. Kati ya batoto balikuwa banacheza naye, wengi bako upande ule.

Akasema nimuambie kesho mbele ya kuanza. Hakuna mutu aliniulizaka vile. Hata padiri.

Siku ya yenga, 15 juin

Mvua. Salle ilijaa. Bamama na banaume ba umri wangu, banaruka kama batoto ba primaire. Sauti yake imeisha. Banapiga rap ya zamani, sauti yake ya katoto inatoka kwenye spika, yeye anafungua kinywa tu. Nilimuonea huruma, nikamuchukia pia.

Mbele ya kuanza nilimuambia kwenye mulango: marehemu.

Katikati akasimamisha muziki. Akaita majina pole pole. Kambale Ressort akamuita mwisho. Kisha, bila muziki, akajaribu kuruka vile Kambale alirukaka. Mara ya kwanza muzuri. Ya pili akakosa pumzi, akainama, mikono kwenye magoti.

Nililia na sauti. Tangu Kambale apotee sikuyalia vile.

Mama alikuwa na radio yake Beni.

Siku ya kwanza, 16 juin

Mama hapokei simu. Jirani yake anasema radio ilizimwa kabla concert kuisha, na mulango umefungwa. Nimemuzika mutoto wake mbele ya batu, bila kumuuliza. Naona haya. Ila ingelikuwa leo, ningesema vile vile.

Siku ya tatu, 18 juin

Mama bado hapokei. Nguo zote za komunio zimeisha. Hapana kazi ya kunishika mikono.

Siku ya yenga, 22 juin. Beni

Nilipanda gari jana, magari yanafuatana, basoldat mbele. Pale Kalunguta nilitazama upande wa shamba letu.

Mama alifungua mulango. Alinipa ugali na majani ya sombe, akalala.

Asubuhi misa. Katekista akasoma bagonjwa, kisha basafiri. Nilingoja jina yetu, nimeshika benchi. Haikutoka. Akafika kwa ba marehemu. Kambale alikuwa wa kwanza. Mama akaitikia na bengine, Ee Bwana utusikie, sauti yake ya kila siku.

Nyumbani aliweka kitambaa cheusi cha matanga kwenye meza. Kilikuwa kimekunjwa tangu zamani, mikunjo imekuwa myeupe. Akasema, "Nipime."

Nilimupima mabega, kisha mikono. Amekonda sana. Nitaacha nafasi kidogo kwenye mishono, kama atanenepa tena.