Mbwa Niliyemteka Msibani

Mkuza, Kibaha
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Mtani wangu Kondo,

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa wafanyakazi wa mkonge kwamba barua huanza kwa kumjulia hali anayeandikiwa, kisha mwandishi hueleza hali yake, ndipo huingia katika jambo lililomfanya ashike kalamu. Leo sehemu ya kwanza imenishinda. Nikikuuliza hali utanijibu kama ulivyonijibu siku ile nilipokukuta huwezi kuinuka kitandani: "Swali gani hilo, Mwalimu? Huna macho?" Basi naiacha. Mimi ni mzima. Semeni ni mzito.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kigoda katika kile chumba kidogo ulichokuwa ukilala kila mwisho wa mwezi, ulipokuja kutoka Vihingo kuwauzia watu wa mkonge mikeka na muhogo mkavu. Kitanda chako cha kamba kipo palepale, ila sasa kimeinuliwa, kila mguu umekanyaga tofali. Chini yake amelala Semeni, mbwa wako, anahema, na tangu jana hajala. Nitakueleza yote. Lakini unaijua tabia yangu, siwezi kuanzia katikati.

Siku ya mazishi yako nilifika Vihingo alasiri, miguu imevimba kwa mwendo. Nilipoliona jeneza nililia, Kondo. Nililia mbele za watu kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Shangazi yako, yule bibi mwenye fimbo, akanisogelea akaninong'oneza kwa ukali: "Wewe Mnyamwezi, nani kakupa ruhusa ya kulia? Wa kulia tunao wengi. Mtani haji msibani kulia."

Alisema kweli. Tangu babu zetu walipokuwa wakipita katika nchi yenu na mizigo ya misafara, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na kazi ya mtani msibani ni kufanya vituko mpaka wafiwa wacheke. Mfiwa akicheka hata mara moja, anakumbuka kwamba yeye bado yu hai. Kazi hiyo wewe uliijua. Mke wangu alipofariki, ulilala chali mlangoni ukasema maiti haitoki mpaka upewe viatu vyangu, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Mimi kipaji hicho sikupewa. Nilitazama huku na huku, nikamwona Semeni amejikunja kando ya kinu. Nikachukua kamba ya mkonge, nikamfunga shingoni, nikasimama katikati ya uwanja nikatangaza: "Huyu Mzaramo ameondoka bila kuniaga. Basi mbwa wake nimemteka. Anayemtaka amfuate Kibaha, na asije mikono mitupu."

Watu wakacheka. Hata shangazi yako aliuvuta ushungi akafunika mdomo. Kwa mara ya kwanza siku ile niliona kwamba sikukuangusha.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini nitaeleza, maana kueleza ndiko kunakonituliza. Kitu anachokiteka mtani msibani si chake. Wala hakitaki. Anachotaka ni kufuatwa. Wafiwa watakuja na kuku au kikapu cha mtama, watamtukana, naye atawatukana, watapatana bei ya uongo, na kwa njia hiyo wale waliounganishwa na marehemu watakuwa wameonana tena bila marehemu. Ndiyo maana yake yote.

Siku ya tatu, tanga lilipoanuliwa, nilimfungua Semeni kutoka kwenye nguzo nikakaa nikingoja mtu aanze matusi. Mwanao Salehe alikuwa na haraka ya kurudi kazini kwake bandarini. Akanijia kwa adabu kubwa, mikono kifuani: "Mwalimu, mchukue tu. Sisi mbwa hatuna haja naye." Simlaumu. Alidhani ananifanyia hisani, na dini yake inamtaka asiwe karibu na mbwa. Lakini hakujua kwamba kwa maneno yale alikuwa amenifungia mlango. Nikatembea kutwa nzima kurudi huku, nikiwa na mbwa asiyetakiwa na mtu.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma. Arobaini yako sikuja. Watu wa hapa niliwaambia miguu inanisumbua. Miguu ilikuwa mizima. Nilikaa barazani nikitazama njia, nikisema moyoni: wakinitaka watanifuata, mtekaji hakirudishi kitu kwa miguu yake mwenyewe, akikirudisha ameuvunja utani. Mzee mzima, na kusoma kwangu kote, nimenuna. Siku ilipita, na waliokuombea dua walikuombea bila mimi.

Baada ya hapo miezi ilikuwa mirefu. Unajua hakuna anayenitukana siku hizi? Tangu asubuhi ni shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu, nami marahaba, marahaba, mpaka najiona kama jiwe la mpaka wa shamba ambalo kila apitaye huligusa akaenda zake. Heshima ni kitu kizuri, lakini haikai na mtu barazani. Mwisho wa mwezi naweka vikombe viwili kwa mazoea. Kisha narudisha kimoja.

Semeni ndiye aliyebaki. Ulimpa jina hilo ili majirani waliokusema kwa kufuga mbwa wazidi kusema, na huku pia wanasema. Alipoanza kunenepa nilidhani anakula sana, nikampunguzia chakula. Ndiyo, Kondo. Nilimpunguzia mwenye mimba chakula kwa muda wa siku kumi. Mama Tatu, jirani yangu, ndiye aliyenifumbua macho, akiegemea ua wa makuti: "Mwalimu, huyo mwanao ana watoto tumboni, nawe unamfungisha?" Baba wa watoto, naona, ni yule mbwa mwekundu wa mlinzi wa ghala la mkonge, mwenye sikio moja. Sikuulizwa ridhaa.

Aibu ile ilinifanya nitake kutengeneza kila kitu kwa utaratibu. Nilikitafuta kile kijitabu cha mifugo alichoniachia bwana shamba. Kinaeleza ng'ombe, mbuzi, kuku, hata nyuki. Mbwa hayumo. Basi nikatumia akili yangu. Mbwa hubeba mimba miezi miwili na siku chache. Nikahesabu kwa kukisia. Kila siku nilimchemshia mifupa, nikachanganya supu yake na ugali na dagaa. Dukani nilipata sanduku tupu la majani ya chai, nikalikata upande mmoja liwe na mlango, nikapiga nyundo ncha zote za misumari, nikatandika nyasi kavu na gunia juu yake, nikaliweka jikoni palipo na joto. Nilipomaliza nilimwita Semeni nikamweleza. Nilimwambia kwa nini mlango uko upande ule, na kwa nini gunia ni bora kuliko nyasi peke yake. Alinisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwa nao. Halafu akageuka, akaingia humu chumbani, akaanza kuchimba sakafu chini ya kitanda chako.

Nilimrudisha kwenye sanduku mara tatu. Mara ya tatu aliingia, akaketi, akanitazama kwa huruma mpaka nilipotoka, kisha nikasikia makucha yake yanapita kwenda chumbani.

Hapo ndipo nilipokusikia. Uliniambia zamani, habari ya yule mama yake Semeni aliyekwenda kuzalia kwenye shimo la mhanga mla mchwa: "Mbwa hazai unapopapenda wewe, Mwalimu. Anazaa anapopapenda yeye, nawe unakwenda kumwezekea paa hukohuko." Chini ya kitanda hiki ndiko alikolala kila ulipokuja naye. Basi sikubishana tena. Nilileta matofali manne, nikakiinua kitanda chako apate nafasi ya kugeuka, nikalivunja sanduku la chai, na mbao zake nikazisimamisha pembeni kumkinga na upepo wa mlangoni. Paa ni kamba za kitanda chako.

Nilikuwa nafanya hayo, Jumanne iliyopita, magoti yamejaa vumbi, niliposikia sauti ya mwanamke uani: "Hodi hapa kwa mwizi wa mbwa."

Alikuwa Chausiku, binti yako. Hakuniamkia. Jogoo alikuwa kwapani mwake, amekonda, mkia hana. Nilisimama mlangoni nikimkodolea macho, akaniwahi: "Unashangaa nini? Nimekuja kukomboa. Au Wanyamwezi mmesahau mnachoiba?"

Kondo, nilihisi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nikamwambia: "Kwa mbwa kama huyu ndiyo mnaniletea jogoo mgonjwa? Hata kwenye mchuzi huyu ataogelea asionekane."

"Ni mzima. Anafanana na wewe tu."

Tuliketi. Alinieleza kwamba Salehe hakumwambia alichonijibu, naye alidhani ndugu yake ndiye atakayekuja kukomboa. Aliyajua hayo juzi tu, Salehe alipokuja kusalimia. "Salehe amekaa mjini mpaka amesahau kwamba kilichotekwa hakitolewi zawadi," alisema. Kisha akaacha mzaha, akatazama chini: "Arobaini tulikungoja, Mwalimu. Nilikuwekea sahani. Shangazi akasema usiiondoe, huyo atakuja hata usiku. Hukuja."

Lakini hakuja kwa utani peke yake. Nguruwe wameingia shambani kwako. Wamefukua muhogo wa bondeni wote na sasa wanapanda kuja juu, na hakuna mbwa wa kubweka. Anamhitaji Semeni kwelikweli, yeye na watoto wake wote watakaoishi. Alipoingia humu akakiona kitanda cha baba yake juu ya matofali, alikishika kwenye mbao ya kichwani. Halafu akasema: "Umemjengea ghorofa. Basi azae hapahapa. Wakishaanza kula ugali, utawaleta mwenyewe Vihingo. Kwenye tenga, kichwani. Babu zako walibeba pembe za ndovu, wewe utashindwa na mbwa?"

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Ni maneno yako hasa, mpagazi huyu, mpagazi yule. Asubuhi yake alirudi kwa wanawe, jogoo akaniachia, na anawika kuliko nilivyomtarajia. Nilimsindikiza mpaka njia panda. Niliporudi, nyumba ilikuwa kama ndoo iliyomwagwa maji. Kwa siku moja nilifuatwa, na kwa siku hiyohiyo nikanyang'anywa. Ni haki. Utaratibu ndio huo. Lakini nilikaa humu, nikaweka mkono kwenye ubavu wa Semeni, nikahisi vile vitu vinavyopigapiga ndani, nikahesabu majuma niliyobakiwa nayo.

Na sasa anahema. Ameinuka, amezunguka, amelala tena. Amenitazama. Kondo, ningojee.

*

Nimerudi. Jua limeshafika kwenye ukuta wa jikoni. Mikono bado imelowa, utaniwia radhi mwandiko.

Watatu. Wawili wa kwanza aliwapasulia utando mwenyewe na kuwalamba, wakaanza kulia kama bawaba zisizotiwa mafuta. Wa tatu alitoka Semeni akiwa amechoka, hakumgusa. Nilianza kumweleza la kufanya. Hapo nikakumbuka uliyonihadithia kuhusu mama yake: futa kinywa kwanza, kisha sugua kama apekechaye moto. Nilinyamaza, nikapasua utando kwa vidole, nikafuta, nikasugua kwa kipande cha gunia. Alipiga chafya. Ni jike, mwekundu, ana kipaku cheupe kifuani. Wa nne nilimsugua vilevile, kwa muda mrefu zaidi, na hakuamka. Nimemfunga kwenye jani la mgomba. Nitamzika karibu na mpapai. Semeni amekunywa maji. Mkia wake umegonga mguu wa kitanda chako mara mbili.

Hapakuwa na mtu wa kumwambia, ndiyo maana nakuambia wewe.

Sikiliza ahadi yangu. Watoto hawa wakianza kula nitanunua tenga, nitalitandika gunia, nitalibeba kichwani kutoka Mkuza mpaka Vihingo, Semeni akiwa mbele, na wote watakaonicheka njiani nitawaitikia. Nitapita kwanza kaburini kwako nikuombe radhi ya arobaini, nikiwa na tenga langu kichwani, unione. Mbwa nitamkabidhi Chausiku mbele ya shangazi yako, pamoja na watoto wote watatu. Sitambakiza hata yule mwekundu.

Ila wakati wa kuondoka, wakiwa wanashangilia mbwa, nitauchukua mchi wa kinu. Ule mkubwa, wa mkwaju, usio na wa pili pale kwenu. Nitauweka begani nitembee nao kutwa nzima mpaka huku, na kinu kitakaa uani bila mchi. Chausiku atalazimika kunifuata, Kondo. Mwisho wa mwezi nitaweka vikombe viwili na nitatazama njia.

Pumzika, Mzaramo mvivu. Mzigo wako ninao.

Mpagazi wako,
Mwalimu Maganga