Baba Anasubiri Picha ya Mama, Nami Naogopa Kugusa Kamera

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kabla Jumapili haijafika na baba hajaniuliza tena lile swali lake. Mimi ni mwanamke wa makamo, nina duka la dawa, sina ugomvi na mtu, ila nina ugonjwa mmoja ambao nyumbani wameshauzoea: napiga picha majengo yaliyohamwa, viwanda vilivyofungwa, shule zilizoota majani madarasani, na ninayapiga kwa kamera ya zamani ya mkanda, ile ya kuvuta wenzo kwa kidole gumba kila baada ya picha, na kwa ajili hiyo kaka yangu ananiita Bibi Magofu, na wifi yangu anasema siku nitakayopiga nyumba yenye watu ndani atachinja mbuzi.

Mama yangu alikuwa mkunga. Wodi aliyofanyia kazi ilifungwa zamani, walipojenga hospitali mpya ng'ambo ya barabara, na jengo limebaki hivyo hivyo, mabati yanapigapiga na popo wamejaa darini. Nilipomwambia nakwenda kulipiga picha akasema, "Nami nakuja, nikaone walivyolifanya." Mshauri, mama alikuwa hapendi picha hata kidogo, tunayo moja tu ya kitambulisho, amekunja uso kama anayedaiwa, lakini siku ile alipita vyumba vyote akinionyesha vitanda vilipokuwa, akafika chumba cha kuzalishia, akafuta kioo cha dirisha kwa kiganja, akasimama, akasema, "Hapa ndipo nilipokuwa nawaleta watoto waone jua, hata mama zao hawajawashika vizuri. Haya nipige, nisije nikabadili nia." Nikampiga, akacheka, nikampiga tena. Jioni akamtangazia baba, "Leo nimepigwa picha, subiri umwone mkeo," na baba akacheka mpaka akakohoa. Haikupita muda mama akaugua, akatutoka kabla sijaumaliza mkanda.

Baada ya msiba nilirudi kwenye lile jengo nimalize picha zilizobaki ili mkanda ukasafishwe, na hapo nikaona jambo. Kwenye kamera hizi ukivuta wenzo, kuna kigurudumu kidogo upande wa pili, cha kurudishia mkanda, nacho kinatakiwa kizunguke, na hakikuzunguka. Huenda siku ile nilipotia mkanda, kwa haraka, maana mama alishavaa viatu ananisubiri mlangoni, ncha yake haikushika, na tangu picha ya kwanza nilikuwa napiga hewa. Au huenda mkanda umelegea tu, hutokea. Sijui. Nimeiviringisha kamera kwenye kitambaa nikaiweka kabatini, na tangu hapo sijathubutu kuigusa.

Baba amegongelea msumari ukutani, juu ya redio. Wifi alitundika kalenda pale, baba akaitoa, akasema, "Hapo pana mwenyewe." Kila Jumapili ananiuliza, "Mwanangu, fundi kasemaje?" nami namjibu, "Bado, baba, mafundi wa picha za mkanda wamebaki wachache, kuna foleni." Kaka anasema tuikuze ile ya kitambulisho tumwambie ndiyo hiyo, yaishe. Nifanyeje, mshauri, nimdanganye mzee, nimwambie ukweli, au niiache kamera ilale hivyo hivyo, maana ikiwa imefungwa angalau naweza kusema mama bado yumo?

Bibi Magofu

Bibi Magofu, pole kwa msiba, na naisema kwa moyo wote. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Kaka yako mwambie akome. Mzee ameishi na mke wake miaka na miaka, leo mumletee sura iliyokunjwa ya kitambulisho mumwambie ndiye yule aliyekuwa akicheka? Kuzeeka si kupofuka.

Barua yako nilimsomea mpiga picha wa gazeti letu, mtu wa makamera tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akaniambia, "Mbona kazi ndogo? Akizungushe kile kigurudumu taratibu, upande wa kurudishia. Kikiwa kizito, mkanda umeshika. Kikizunguka bure, hakuna kitu. Wala kamera haifunguliwi." Kisha akanitazama. "Lakini dada, mtu anayetumia kamera hizi hilo analijua."

Basi nimekupata. Hukuniandikia nikufundishe kamera. Jibu liko kwenye vidole vyako na umelifungia kabatini, kwa sababu unaogopa kufiwa mara ya pili. Sikucheki. Mimi mwenyewe nina shati la marehemu mume wangu ambalo mpaka leo sijalifua. Lakini shati langu halimsubirishi mtu. Kamera yako inamsubirisha mzee, na njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa mwongo mwenye huruma.

Jumapili nenda na kamera kama ilivyo. Wengine watoke nje, na wifi pia, kalenda zake zitasubiri. Mwambie, "Baba, nilikudanganya, hakuna fundi wala foleni." Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, na usijitetee. Halafu weka vidole vyake juu ya kigurudumu, mkizungushe pamoja. Mlisubiri wote, na mjue wote. Kikiwa kizito, achia hapo hapo, usirudierudie kwa furaha ukaukata mkanda, na kesho yake mwende nyote wawili kwa fundi. Kikizunguka bure, mtalia, na msumari utabaki mtupu. Sina dawa ya hilo, wala wewe dukani kwako huna.

Ila kuna jambo limenikera kuliko yote. Mimi sikumjua mama yako, na sasa namwona pale dirishani, kiganja kina vumbi, anawaza watoto wa watu na jua lao. Umenipa mimi, mgeni. Baba yako, mwenye mke, kila wiki unampa habari za foleni. Msimulie yote, neno kwa neno, alivyosimama na alivyocheka. Na umsimulie kwanza, kabla hamjagusa kamera.