Jina la Babu na Maji ya Marashi

Alkhamisi, Ibra. Joto la kukatisha roho, na upepo wa vumbi tangu alfajiri. Nimerudi kutoka Nizwa saa kumi, kichwa kinanigonga. Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika nitamtapikia mtu maneno, na aliye karibu ni Mama.

Sisi tuna picha. Aliichora Mzungu mmoja msafiri, zama za babu wa babu yangu, alipopita Ibra na ngamia wake akichora milima, mitende na majumba kwa rangi za maji. Aliichora nyumba yetu ya mtaa wa kale, akampa mwenye nyumba, babu huyo. Naye akaandika chini yake kwa wino, kwa mkono wake, kwamba hii ni nyumba yangu mimi, fulani bin fulani. Picha ikaenda Unguja na wanawe. Mama alipoikimbia Unguja, aliikunja ndani ya mkeka akarudi nayo Ibra.

Kwa binamu yangu Hilal, ambaye wazee wake hawakuvuka bahari, sisi ni Wazinjibari tu. Tumekuja na mbuzi zetu za kukunia nazi, asli hatuna. Sasa mtaa wa kale unatengenezwa, na kila nyumba itapigwa kibao cha jina la mwenyewe. Hilal kashasema ile yetu ni ya babu yake. Kamati ya matengenezo ikasema mwenye ushahidi aupeleke Nizwa ukakaguliwe, mwisho leo.

Ushahidi! Asubuhi nilipopita Birkat al Mauz, njiani kwenda Nizwa, nilikuwa nacheka peke yangu garini. Hilal ana mdomo, mimi nina maandishi.

Aliyenipokea ni mtaalamu wa picha za kale, binti wa Kinizwa, mpole, kavaa glavu nyeupe. Akailaza picha mezani, akawasha taa. Kisha akaniuliza kwa Kiarabu, "Dada, nani alikuwa akiitia maji?"

Rangi za maji, akanieleza, huondoka kwa maji. Milima ipo bado. Mitende imekuwa ukungu wa kijani. Nyumba ni doa. Na pale chini palipokuwa na jina, kapiga taa kila upande, limesomeka neno moja tu: bin.

Bin! Nani asiyekuwa bin nchi hii?

Nikamjibu, "Sijui."

Mwongo mie. Ni mimi niliyeitia maji, kila Ijumaa tangu nina miaka saba. Kwetu mgeni haondoki bila ya udi na marashi, na Mama anaihesabu picha ile kuwa ndiye mzee wa nyumba. Yeye hushika chetezo cha udi, mimi mrashi wa marashi. Kioo cha fremu kilipovunjika hakutaka kingine, ati kitamzuilia babu harufu. Na marashi yenyewe ni maji ya waridi ya Jabal Akhdhar, si haya ya dukani. Nikinyunyiza kidogo anagomba: "Mtie, mwanangu, mtie! Usimfanyie ubakhili!"

Nami nikamtia. Wino niliuona unafifia. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nikauona na nikanyamaza. Kumkataza Mama kulinishinda.

Tumemwosha babu kama aya za kombe zinavyooshwa sahanini apewe mgonjwa anywe, na maji yake hata kuyanywa hatukuyanywa.

Hilal naye alikuwepo pale mezani. Akainama kuitazama picha, wala hakupaza sauti. "Bint ammi," akasema, "hata karatasi imekukataeni." Niliichukua picha yangu nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nalia na kumtukana.

Nnamchukia. Na leo, kwa mara ya kwanza, nina hasira na Mama pia, astaghfirullah. Mwanamke aliyeacha dhahabu zake Unguja akabeba karatasi.

Mama macho yamemfunga utando. Siku hizi picha haioni, anaipapasa pembe tu. Sijavua abaya akaniuliza, "Wamelisoma?"

"Wamelisoma, Mama."

Akasema alhamdulillahi, akalitaja jina zima, baba kwa baba mpaka wa saba, hakukwama hata mahali pamoja. Mimi naishia wa nne. Ilinipasa nichukue kalamu palepale niyaandike, lakini niliona haya, nikajitia nakwenda kuteleka chai.

"Kesho Ijumaa," akaniambia kwa furaha, "tumtie mengi zaidi. Katutoa kimasomaso."

Nitamwambia lini? Kibao kikishapigwa kwa jina la babu yake Hilal, majirani watamwambia wao, tena kwa kicheko. Kila nikifungua mdomo nauona uso wake ulivyokuwa alasiri hii.

Mrashi upo mbele yangu, nimeujaza mpaka shingoni. Na karatasini limebaki neno moja.