Kitabu cha Uasi Chumbani kwa Mwali

Mpendwa Mama Asnath, shikamoo. Naomba msaada wako, na ikiwezekana unijibu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo nimeitwa nyumbani kwa kaka yangu huko Kilole nikachome kitabu mbele za watu, na mimi kitabu hicho nakipenda, nakipenda mno mama, ila sijawahi kumwambia mtu kwa kuogopa kuchekwa.

Mimi ni mama wa makamo, mkulima wa huku Handeni, na ni kungwi, nimewafunda mabinti wengi wa ukoo wetu na hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao. Mwaka huu, msimu wa kulinda mahindi yasiliwe na ngedere, nilinunua sokoni Korogwe kitabu kilichotumika, kinene kama tofali, kinaitwa Mlima wa Sauti, nikidhani kitanipitishia muda tu huko shambani, kumbe ndiyo nimenasa. Ni hadithi ya nchi isiyokuwepo popote, ina mfalme anayefuga majoka, na majoka hayo hayali nyama, yanakula sauti za watu, ndiyo maana nchi nzima wanaongea kwa kunong'ona. Kila mwaka mjumbe wa mfalme anasoma amri mpya uwanjani, anauliza, "Kuna anayekataa?" na kwa kuwa watu wamenyamaza kwa hofu, anawajibia yeye mwenyewe, "Wameridhia!" Sasa yupo binti mmoja msaga chumvi, Nyamisa, hana ukoo hana upanga, siku hiyo anasimama tu anasema, "Nimenyamaza, sijakubali." Mama, nilipiga kigelegele peke yangu shambani mpaka ngedere wakakimbia! Na hapo ndipo uasi unapoanza, watu wanaficha sauti zao kwenye vibuyu, wanavibeba kupanda navyo mlimani, na siku vibuyu vinapopasuliwa, basi, nisikumalizie utamu. Nimekisoma, nimekirudia, nikipalilia namuwaza Nyamisa, nikisonga ugali namuwaza Nyamisa, mume wangu anasema siku hizi nimeolewa mara ya pili, na kitabu.

Mwezi uliopita kaka yangu Hussein akaniita nikamfunde bintiye Shamimu, aliyeposwa na Muhidini, fundi pikipiki wa Masuguru, kijana mwenye heshima zake. Mwali akawekwa ndani, nikaingia naye, nikamfunda yote niliyofundwa mimi, lakini akawa analia, nikasema mwali hulia, ndiyo desturi, hata mimi nililia, ila kilio hakikuisha na chakula akawa hagusi, basi nikafanya jambo ambalo kungwi mwenzangu angelisikia angenivua ukungwi, nikatoa Mlima wa Sauti kwenye kikapu nikamsomea. Mama, alinyamaza. Akala. Akawa ananiambia, "Shangazi, rudia pale, pale Nyamisa anaposimama," nami narudia, nikifurahi moyoni kwamba hatimaye nimepata mtu wa kukipenda naye.

Ikafika siku ya ndoa. Kwetu baba mtu huja mlangoni na shekhe na mashahidi kumuuliza binti kama ameridhia, na binti hafungui mdomo, anainamia kwenye mtandio wake, na sisi tuliomfunda ndio tunaojibu, "Ameridhia huyo, anaona haya tu," kigelegele kinapigwa, mambo yanaendelea. Ndivyo nilivyomfundisha na Shamimu pia. Kaka akauliza. Kimya. Nikafungua mdomo nijibu, Shamimu akanikamata mkono akasema, wakamsikia mpaka uani, "Baba, nimenyamaza. Sijakubali."

Shekhe akasema kama ni hivyo hapa hakuna ndoa, akaaga kwa upole akaondoka. Wageni wakala pilau macho chini. Muhidini akavua kanzu akarudi Masuguru. Na walipomuuliza Shamimu maneno yale kayatoa wapi, akasema kwenye kitabu cha shangazi.

Sasa kaka anataka hiyo Ijumaa nisimame mbele ya wazee niseme kitabu kile ni cha kishetani na ndicho kilichomharibu mtoto, nikichome hapo uani, halafu niingie kwa Shamimu nikamfunde upya namna ya kukaa kimya. Nikikataa, nisikanyage tena kwake. Nikikichoma moyo wangu utaungua nacho, nisipokichoma nampoteza kaka, na kaka ninaye huyo huyo mmoja. Nifanyeje?

Kungwi wa Mlimani, Handeni

*

Kungwi wa Mlimani, marahaba.

Umeniponza. Baada ya barua yako nilimtuma mtu akanitafutie hicho kitabu, nikakifungua maharage yakiwa jikoni, na maharage yale hakuna aliyeyala. Ni kitabu kizuri mno. Aliyekiandika anaujua woga wa mtu mnyonge, na anajua pia siku woga huo unapokwisha mtu hubaki vipi. Kukipenda si kosa, wala usimwonee mtu haya kwa hilo.

Pole na ya kaka yako. Baba kuumbuka mbele ya wageni aliowaalika mwenyewe si jambo dogo, usimdharau kwa kuwa amekasirika.

Sasa kaa nikugombeze. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja: Shamimu anataka nini? Sikukiona. Najua Nyamisa anataka nini. Najua kaka yako anataka nini, najua hata ngedere wako wanataka nini. Mwali alikuwa analia, ukasema ni desturi. Akagoma kula, ukampa hadithi. Akaulizwa na baba yake, ukafungua mdomo umjibie. Mwenzangu, kwenye kitabu hicho unachokipenda yupo mtu ambaye kazi yake ni kuwajibia walionyamaza, na mtu huyo si Nyamisa.

Na usimwachie kaka yako aseme kitabu ndicho kilichoharibu. Machozi yalitangulia, kitabu kikafuata. Ukisimama mbele ya wazee ukasema binti katiwa wazimu na maandishi, umewaambia kwamba binti hana akili zake, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayemsikiliza tena kwa lolote. Kwa hiyo usikichome. Mwambie Hussein kwa adabu, "Kaka, hilo siliwezi," kisha mpeleke kwa shekhe yule yule aliyeondoka kwa upole, amweleze mwenyewe kama ndoa ya binti asiyeridhia ni ndoa. Kwenye mkasa huu wote yeye ndiye pekee aliyetimiza kazi yake.

Lakini kabla ya hiyo Ijumaa, panda gari nenda Kilole. Kitabu kiache nyumbani, Nyamisa naye apumzike. Kaa na Shamimu muwe wawili tu, umuulize: Muhidini unamtaka, humtaki, au unamtaka ila si sasa? Ukishauliza, funga mdomo. Wewe, nasema funga! Najua kwa mtu wa maneno kama wewe itakuwa kazi. Akinyamaza, usimtafsirie, endelea kukaa naye.

Akisema anamtaka, mwambie Muhidini aletwe wazungumze, na siku ya ndoa aseme mwenyewe kwa mdomo wake, na pilau lipikwe upya. Akisema hamtaki, usimtume kwa baba yake. Utatoka wewe uliyemfunda, ukae mbele ya Hussein umwambie, "Kaka, nimemuuliza, amekataa, na mimi niko naye." Atafoka. Huenda asikukaribishe kwake mpaka mavuno mengine. Mkubalie, umsalimie kila sikukuu hata asipoitikia, ni kaka yako. Lakini Shamimu amekwisha sema mbele za watu akiwa peke yake mara moja, na wewe ulikuwa umekaa ubavuni kwake. Mara hii asiwe peke yake.

Mama Asnath