Kava la Feni ya Babu Liko Chini ya Kuku

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba msaada wako, na jina langu usilitaje, maana hapa nyumbani Babu huanza gazeti kwa ukurasa wako, hata habari za vifo zinasubiri. Mimi ni msichana wa sekondari, nina haya mpaka nikitumwa chumvi dukani narudia sentensi njia nzima. Babu ana gari la zamani analolitunza kuliko meno yake, na likizo iliyopita tulilifungua tubadilishe mpira wa rejeta, yeye akaenda kujinyoosha kidogo, mimi nikafunga peke yangu, nikamaliza, kumbe limebaki lile kava jeusi la plastiki linalozunguka feni, pana kama karai lisilo na kitako, nikaona haya kumwamsha, gari likawaka, basi nikalificha bandani, na sasa kuku anaatamia mayai tisa humo.

Tangu siku hiyo gari likiwa mwendoni halina neno, ila likisimama tu injini ikiunguruma, mshale wa joto unapanda na maji yanachemka. Fundi wake, rafiki yake tangu ujana, kaosha rejeta, kabadilisha pampu ya maji, wapi! Juzi Babu akamwambia, "Umezeeka wewe, kanyoe watu nywele." Fundi naye, "Na wewe kauze chuma chakavu chako." Hawasalimiani mpaka leo. Kitabu cha gari ni cha Kiingereza, Babu akaniambia, "Nisomee, mjukuu wangu, wewe ndiye macho yangu," nami nikamsomea chote, Shangazi, nikaruka ukurasa wenye picha ya lile kava.

Jumamosi dada anaolewa na gari hilo ndilo la kumbeba, na likichemka mlangoni Babu anasema analiuza. Dawa yake ni kufungulia hita hadi mwisho ivute joto la injini, kwenye jua hili! Dada alijaribu kupanda na vipodozi vyake, akashuka nyusi ziko mashavuni. Nifanyeje?

Mwenye Haya

*

Mwenye Haya,

Pole, mwanangu, lakini haya gani hii inayogombanisha wazee wawili? Kuficha kava nimekusamehe. Kuruka ukurasa, hapana. Hiyo si haya, ni ujanja.

Sikiliza. Gari likitembea, upepo unajipitisha wenyewe kwenye rejeta. Likisimama, feni ndiyo ivute, na bila kava inakorogakoroga joto lile lile la injini. Fundi hana kosa.

Leo hii mhamishe kuku na mayai yake kwenye kapu lenye nyasi. Lioshe kava, umpelekee Babu mkononi, useme: "Babu, nililisahau, nikalificha." Irudie njiani kama ile ya chumvi. Kisha mwende kwa fundi, na hodi upige wewe. Alifunge kava injini ikiwa baridi, azungushe feni kwa mkono ahakikishe haigusi popote, halafu gari liachwe liungurume uani nusu saa, hita imezimwa, wewe ukiukodolea macho mshale. Mfuniko wa rejeta usiguswe ukiwa wa moto.

Na ufanye haraka, kabla Babu hajavaa miwani akafungua ukurasa huu.

Kama ameshaufungua: Shikamoo, Mzee. Kuku ahamishwe polepole, mjukuu asemwe polepole, na yule fundi ulimtukana bure. Tangulia wewe kumwomba radhi.